Fahamu: Plastiki ya kufungia marobota ya sileji

Sileji ni malisho mabichi, kama nyasi au mahindi, yaliyochachushwa bila hewa ili mifugo isikose chakula wakati wa kiangazi.

Kwa nini plastiki ni muhimu?
Hewa ikipenya hata kwenye tundu dogo, ukungu huota na malisho huoza. Ng'ombe huyakataa, au huugua.

Uchague ipi?
- Unene: mikroni 25 hutumika sana.
- Kinga ya jua: isiyo nayo hukauka na kupasuka.
- Mnato: tabaka zishikane barabara.
- Rangi: nyeupe hupunguza joto.

Tabaka ngapi?
Angalau 4, malisho yenye mashina magumu yanahitaji 6.

Baada ya kufunga
Kagua mara kwa mara, dhibiti panya, na ziba tundu papo hapo kwa utepe unaohimili jua.