Kutoka Silabi Hadi Neno: Kumsaidia Mtoto Anayekwama Katika Kusoma Kiswahili

1.0 Utangulizi

Imezoeleka kusemwa kwamba Kiswahili ni lugha nyepesi kusoma kwa kuwa huandikwa kama kinavyotamkwa. Kauli hii ina ukweli mwingi, lakini imeleta madhara yasiyokusudiwa. Mtoto anayeshindwa kusoma lugha iitwayo nyepesi huhukumiwa upesi kuwa mzito au mvivu. Aghalabu dawa anayopewa ni ile ile iliyokwisha kushindwa, yaani kuimba silabi kwa sauti kubwa zaidi na kwa muda mrefu zaidi. Majaribio ya Uwezo, yaliyoanza katika nchi za Kenya, Tanzania na Uganda mnamo miaka ya 2009 na 2010, yalidhihirisha kwamba watoto wengi huvuka madarasa ya mwanzo bila kuweza kusoma hadithi fupi ya kiwango cha Darasa la Pili. Tanzania nayo ilianzisha mwaka 2015 mtaala wa Darasa la Kwanza na la Pili uliojikita katika Kusoma, Kuandika na Kuhesabu. Ni dhahiri, basi, kwamba tatizo hili si la mtoto mmoja mmoja tu.

Makala haya yanakusudia kuonyesha mchango wa isimu katika suala hili. Hoja yetu ni kwamba mtoto anayekwama katika kusoma Kiswahili hakwami ovyo. Hukwama mahali mahususi panapoweza kutabiriwa kutokana na muundo wa silabi na wa neno. Aidha, tunadai kwamba daraja la kumvusha kutoka silabi hadi neno ni mofimu, hususan viambishi awali.

2.0 Uwazi wa Tahajia na Maana Yake

Tahajia ya Kiswahili ni ya wazi: kila irabu kati ya zile tano ina herufi yake moja, na konsonanti karibu zote zina alama isiyobadilika. Katika utafiti uliolinganisha lugha mbalimbali za Ulaya, Seymour, Aro na Erskine (2003) waligundua kwamba mwishoni mwa mwaka wa kwanza wa masomo watoto wa Kifini walisoma sawasawa maneno 98 kati ya 100, ilhali wenzao waliosoma Kiingereza walifikia 34 tu. Kiswahili hakikuhusishwa katika utafiti huo, lakini kwa tahajia yake kinaelekea upande wa Kifini.

Hata hivyo, uwazi wa tahajia hauondoi matatizo ya kusoma. Hubadilisha sura yake. Wimmer (1993), akichunguza watoto wa Kijerumani wenye disleksia, alionyesha kwamba kasoro yao kubwa haikuwa kukosea maneno bali kuyasoma polepole mno. Nao Alcock na Ngorosho (2003), walipochambua makosa ya watoto katika kuendeleza maneno ya Kiswahili, walisisitiza kwamba kujifunza kuandika lugha yenye tahajia ya wazi si jambo jepesi. Funzo kwa mwalimu ni hili: katika Kiswahili mtoto anaweza kutamka kila silabi kwa usahihi na bado asiwe msomaji, kwani afikapo mwisho wa sentensi mwanzo wake umekwisha kumtoka. Mtoto wa namna hii hatambuliki kwa kuhesabu makosa peke yake.

3.0 Mahali Mtoto Anapokwama

3.1 Silabi iliyokaririwa

Utaratibu wa "ba, be, bi, bo, bu" ni wa zamani na una manufaa yake, kwa sababu silabi ndicho kipashio ambacho msemaji wa Kiswahili hukisikia kwa urahisi. Kasoro yake ni kwamba mfuatano huo unaweza kukaririwa kama wimbo bila jicho kutazama herufi. Jaribio la kutambua hali hii ni rahisi. Mwalimu aonyeshe *bo* peke yake, kisha *fi*, kisha *ku*, bila mpangilio. Mtoto anayeanza kunong'ona "ba, be, bi..." kabla ya kujibu anatumia kumbukumbu ya wimbo. Baadaye apewe maneno ya kubuni yasiyo na maana, kama vile *gopi* na *femu*. Kwa kuwa hajawahi kuyasikia, hawezi kuyabahatisha. Atayatamka tu ikiwa anageuza herufi kuwa sauti.

3.2 Nazali na mifuatano ya konsonanti

Silabi za Kiswahili si za konsonanti moja na irabu pekee. Zipo za irabu tupu (*o-a*), za nazali na konsonanti (*nda*, *mba*), na za mifuatano mirefu zaidi kama *ngwa* katika *chungwa* na *ndwa* katika *pendwa*. Zipo pia silabi funge katika maneno ya mkopo, kama *lab-da* na *mak-ta-ba*. Mtoto aliyezoeshwa *ba* na *ka* kwa miezi mingi huandika *ameeda* badala ya *ameenda*, kwa kuwa hajafunzwa kuisikia nazali iliyotangulia.

Tatizo kubwa zaidi ni herufi *m*. Katika *mtu* nazali hii ni silabi kamili (*m-tu*), lakini katika *mbegu* ni sehemu ya silabi (*mbe-gu*). Neno *mbuni* linaweza kusomwa kwa njia mbili: *mbu-ni* likiwa ndege, *m-bu-ni* likiwa mti wa buni. Hapa maandishi hayatoshi. Ni maana inayomwongoza msomaji. Hali kadhalika, *ng* na *ng'* hutofautishwa na alama ndogo ambayo mtoto huiruka kwa urahisi.

Inapasa pia kutenga kosa la kusoma na athari ya lugha ya kwanza. Kikuyu, kwa mfano, kina *r* lakini hakina *l*. Mtoto Mkikuyu anayesoma *lala* kama *rara* ameitambua herufi na kuipitisha katika fonolojia yake. Kumsahihisha kana kwamba hajui kusoma ni kutibu ugonjwa asio nao.

3.3 Neno refu

Kisotho huandika viambishi vingi vya nafsi na njeo mbali na mzizi wa kitenzi. Kiswahili huviunganisha vyote. Kwa hiyo neno *aliyenipikia* lina herufi 12 na silabi saba, na *hawatatusomea* lina herufi 13 na silabi saba pia. Msomaji anayekwenda silabi kwa silabi hulazimika kubeba vipande saba kichwani kabla ya kupata maana. Hapa ndipo watoto wengi waliofaulu katika *baba* na *kuku* hugota, na hapa ndipo kurudia silabi hakusaidii tena.

4.0 Namna ya Kumsaidia

Kabla ya yote, mtoto apimwe macho na masikio na wahudumu wa afya, na ichunguzwe kama anakisema Kiswahili. Asiyekijua hawezi kupata maana hata akitamka vizuri. Yeye anahitaji mazungumzo na hadithi za kusimuliwa kwanza.

Hatua ya pili ni ya masikio. Mchezo wa kinyume, ambao watoto hugeuza *meza* kuwa *zame* na *kalamu* kuwa *mukala*, ni zoezi kamili la kutenga silabi. Mtoto anayegeuza *nyumba* kuwa *mbanyu* amethibitisha kwamba anaihisi *mba* kama kitu kimoja. Asiyeweza afundishwe kwa kupiga makofi kufuatana na silabi, kabla ya kurejeshwa kwenye maandishi. Baada ya hapo afundishwe jozi zinazotofautiana kwa nazali tu, kama *boga* na *mboga*, *kuda* akiilinganisha na *kunda*, hata kama moja ya jozi haina maana.

Hatua ya tatu ni ya mofimu. Viambishi awali vya kitenzi, yaani vya nafsi, njeo na ukanushi (*ni-, u-, a-, tu-, wa-, na-, li-, ta-, me-, ha-*), karibu vyote ni silabi kamili, isipokuwa baadhi yao vinapokutana na mizizi inayoanza kwa irabu. Mpaka wa mofimu na mpaka wa silabi hulingana. Viambishi tamati haviko hivyo: mofimu za *somea* ni *som-e-a*, bali silabi zake ni *so-me-a*. Kwa hiyo tuanze na mwanzo wa neno. Mwalimu aandike kadi nne, *ana, ali, ata, ame*, na nyingine nne, *pika, cheza, lala, soma*. Kadi hizo nane huzaa vitenzi 16. Zikiongezwa *wana, wali, wata, wame*, hupatikana vitenzi 32, vyote vikiwa tayari mdomoni mwa mtoto anayekisema Kiswahili. Jicho likizoea kuiona *ana-* kwa mkupuo mmoja, *anacheza* halina tena vipande vinne bali viwili. Kauli za kutendea, kutendwa na kutendeshwa zifuate baadaye, kama nyongeza ya neno linalofahamika: *pika, pikia, pikiwa*.

Mazoezi yawe mafupi na ya kila siku, na mtoto asilazimishwe kusoma mbele ya darasa neno asilolimudu.

5.0 Hitimisho

Tumejaribu kuonyesha kwamba wepesi wa tahajia ya Kiswahili haupaswi kugeuzwa kuwa hukumu dhidi ya mtoto. Anayekwama kwenye silabi, anayekwama kwenye nazali na anayekwama kwenye neno refu ni watoto watatu tofauti, na kuwaimbisha wote wimbo mmoja ni kuwapotezea miaka ambayo haitarudi. Bado unahitajika uchunguzi wa darasani utakaopima kasi ya kusoma pamoja na usahihi, na utakaoeleza mchango wa lugha za kwanza mbalimbali. Kazi hiyo haiwezi kuachiwa wanasaikolojia na walimu pekee, kwani aliyesomea mofolojia na fonolojia ya Kiswahili anao tayari ufunguo wa mlango ambao mtoto huyu amesimama mbele yake.