Bunduki ipi inafaa nyumbani? Jiulize kwanza funguo zitakaa wapi

SAA tatu usiku, Chamazi, wilayani Temeke. Baba Mariamu, wakala wa kutuma na kutoa fedha kwa simu, amefunga kibanda chake na kurudi nyumbani na fedha za siku nzima ndani ya mkoba. Wiki hiyo jirani wa mtaa wa pili amevamiwa. Akiwa anakula, anamwambia mkewe kuwa ameamua kuomba leseni ya kumiliki silaha. Kilichobaki ni kuchagua tu, bastola au bunduki ndefu.

“Sawa, Baba Mariamu,” anajibu mkewe huku akimnyang’anya mtoto wa mwisho rimoti ya televisheni. “Na funguo zitakaa wapi?”

Familia hiyo ni ya mfano, lakini mazungumzo kama hayo hayashangazi kwa wakazi wa pembezoni mwa Dar es Salaam, kuanzia Bunju na Mabwepande upande wa Kinondoni hadi Mbagala na Toangoma upande wa Temeke. Huko nyumba nyingi ni mpya, barabara za ndani zina giza na kituo cha polisi kinaweza kuwa mbali.

Hofu yao ina sababu. Vijana wa makundi ya Panya Road wamewahi kuvamia nyumba usiku wakiwa na mapanga, kujeruhi watu na kupora. Septemba 2022, uvamizi wa aina hiyo eneo la Kawe, wilayani Kinondoni, ulimuua mwanafunzi wa chuo. Baada ya tukio la namna hiyo, baba wa familia kuwaza silaha si jambo la kushangaza.

Swali la Mama Mariamu ndilo linalosahaulika. Wengi huanza na bei, ukubwa na aina ya silaha. Wachache huanza na watu watakaolala nayo chumba kimoja au nyumba moja.

Kila aina na kasoro zake

Raia hawezi kupewa leseni ya bunduki ya kivita inayomimina risasi mfululizo. Kinachobaki kwa mtu wa kawaida ni bastola, shotigani, bunduki ya kuwindia na gobore.

Bastola ndiyo inayopendwa na wafanyabiashara kwa kuwa ni nyepesi na inafichika. Lakini ni silaha ngumu kulenga, hasa kwa mtu aliyeamshwa usingizini mikono ikitetemeka. Udogo wake ambao ni faida kwa mwenye nayo ni hatari kwa wengine. Inaingia chini ya mto, kwenye droo ya kabati na ndani ya mkoba, yaani sehemu zilezile ambazo mtoto hupekua akitafuta pipi au chaja. Tena ni rahisi kuibeba kwenda nayo baa au kuichomoa katikati ya ugomvi.

Shotigani ni ndefu na nzito, na hurusha marisau badala ya risasi moja. Wapo wanaoamini kuwa haihitaji kulenga kwa sababu marisau hutawanyika. Ndani ya chumba cha kawaida hayatawanyiki sana, kwa sababu umbali ni mfupi. Ni lazima kulenga, na mtikiso wake humyumbisha asiyeizoea. Uzuri wake ni kwamba haifichiki kiunoni na ni vigumu kutembea nayo kwa hasira bila kuonekana.

Bunduki ya kuwindia ni ya porini. Risasi yake husafiri zaidi ya kilomita moja, hivyo katika mitaa iliyobanana anayekosa shabaha anaweza kumpata mtu asiyemjua. Gobore nalo hushindiliwa baruti kwa mdomo na kutoa mlio mmoja, kisha mwenyewe aanze upya.

Kwa hiyo, anayetafuta silaha moja ya kulinda nyumba, ambayo haitaingia naye baa wala kwenye daladala, atakuta shotigani ina hoja kuliko nyingine. Hata hivyo, silaha zote nne zina tatizo moja ambalo halimalizwi kwa kuchagua aina.

Saa nane usiku na saa nane mchana

Bunduki ya kumzuia mwizi saa nane usiku inapaswa kuwa karibu na ikiwa na risasi. Bunduki salama kwa watoto saa nane mchana inapaswa kuwa imefungiwa, haina risasi, na risasi zimewekwa mahali pengine. Silaha moja haiwezi kuwa katika hali zote mbili kwa wakati mmoja. Mwenye nyumba lazima achague moja, na akichagua utayari, anayebeba hatari ni mtoto.

Wazazi wengi hujibu kuwa watoto wao wamefundishwa kutogusa. Watafiti wa Atlanta, Marekani, walilipima jambo hilo katika utafiti uliochapishwa mwaka 2001. Wavulana 64 wa miaka 8 hadi 12 waliwekwa katika makundi madogo ndani ya chumba kilichofichwa bastola halisi isiyo na risasi. Kati ya makundi 29, makundi 21 yaliipata. Kati ya hayo, 16 yaliishika, na katika makundi 10 kuna mtoto aliyevuta kifyatulio. Zaidi ya asilimia 90 ya walioishika au kuifyatua walikuwa wameshapata mafunzo ya usalama wa silaha.

Hawakuwa watoto watukutu. Walikuwa watoto wa kawaida waliokutana na kitu wanachokiona kila siku kwenye filamu.

Hatari inayotoka ndani

Mwizi huja mara moja, pengine asije kabisa. Hasira, madeni, wivu na sonona huishi na watu nyumbani.

Utafiti wa California uliochapishwa mwaka 2020, uliofuatilia watu wazima takriban milioni 26, ulionyesha kuwa wanaume wanaomiliki bastola walikuwa na uwezekano wa mara nane zaidi wa kujiua kwa silaha kuliko wasiomiliki. Kwa wanawake ilikuwa mara 35. Wataalamu wa afya ya akili hueleza kwamba wazo la kujidhuru mara nyingi huja kwa wimbi na kupita. Aliyevuka wimbi hilo anaweza kutibiwa na kuishi miaka mingi. Silaha ya moto haimpi nafasi ya kujuta, kwa kuwa majaribio mengi ya namna hiyo huishia kwenye kifo.

Utafiti mwingine wa California, wa mwaka 2022, uliangalia wasio na silaha lakini wanaishi na mtu mwenye bastola. Hatari yao ya kuuawa ilikuwa zaidi ya mara mbili ya wale wanaoishi nyumba zisizo na bastola. Waliopigwa risasi nyumbani na mwenza wao walikuwa wanawake kwa asilimia 84.

Marekani si Chamazi, na idadi ya silaha huko hailinganishwi na Tanzania. Lakini ugomvi wa mke na mume haujui mpaka wa nchi. Ndiyo maana uamuzi huu haupaswi kuwa wa baba peke yake. Kama ndani ya ndoa kumewahi kuwa na kipigo au vitisho, kama kuna ulevi, au kama kuna mtu anayepitia sonona, jibu la kitabibu ni fupi: silaha isiingie.

Sheria inasemaje

Umiliki wa silaha nchini unasimamiwa na Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, iliyochukua nafasi ya ile ya 1991. Kwa utaratibu uliozoeleka, maombi huanzia serikali ya mtaa, ambako mwombaji anafahamika, yakapita kwenye kamati za ulinzi na usalama na polisi. Mwombaji hueleza kwa nini anahitaji silaha na huonyesha kuwa anajua kuitumia.

Leseni si ruhusa ya kuua mwizi. Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, inatambua haki ya kujilinda na kulinda mali, lakini kwa nguvu inayolingana na hatari iliyopo. Kumpiga risasi kijana anayekimbia na kuku kunaweza kumpeleka mwenye leseni mahabusu.

Leseni pia hairithiwi. Baba akifariki na kuacha bastola kabatini, haiwi ya mtoto mkubwa kama linavyoweza kuwa shamba. Familia inapaswa kutoa taarifa polisi na kuikabidhi. Umoja wa Afrika umetenga Septemba kuwa mwezi wa kusalimisha silaha haramu, na Tanzania imewahi kutoa msamaha kwa wanaozirudisha kwa hiari.

Kwa aliyekwisha kuamua

Mwenye leseni ajenge kasiki ya chuma iliyofungwa ukutani kwa bolti, ile ambayo wengi huiita sefu. Silaha ikae humo bila risasi, na risasi zikae kwenye kisanduku kingine chenye kufuli lake. Funguo zisikae juu ya kabati wala chini ya godoro, kwani watoto wanapajua kuliko wazazi wao wanavyodhani.

Mke au mume ajue silaha ipo na imehifadhiwaje. Akinywa pombe, mwenye silaha asiiguse. Nyumba ikipita kwenye msiba mzito, talaka au ugonjwa wa akili, aongee na polisi kuhusu kuikabidhi kwa muda.

Iwapo mtu amejeruhiwa kwa risasi, jambo la kwanza ni kubana jeraha kwa nguvu kwa kitambaa safi bila kuachia, na kumkimbiza hospitali kama Temeke, Mwananyamala au Muhimbili. Ndugu mwingine afuatilie fomu ya polisi, PF3, wakati majeruhi yuko njiani. Damu haisubiri foleni ya kituoni.

Kinga zinazotangulia silaha

Kabla ya fomu ya leseni, zipo kinga zisizomdhuru mtoto. Wakala anaweza kupeleka fedha benki kabla jua halijazama, akarudi na mkoba mtupu, na mtaa mzima ukajua kuwa hurudi na mkoba mtupu. Taa ya nje, mlango wa chuma, mbwa, filimbi kwa kila nyumba na kundi la simu la majirani humnyima mvamizi nafasi ya kushtukiza. Ulinzi shirikishi wa mtaa, ukisimamiwa na polisi kata na kuchangiwa na kila kaya, hulinda hata nyumba ya mjane asiye na uwezo wa kununua chochote. Namba ya dharura ya polisi, 112, inapaswa kujulikana hata na mtoto wa darasa la kwanza.

Baba Mariamu ana haki ya kuomba leseni, na huenda akapewa. Lakini nyumba yake ina vyumba viwili, kabati moja na watoto watatu wanaopekua kila kona. Kama yeye na mkewe hawajakubaliana funguo zitakaa wapi, hawajafikia hatua ya kuchagua bunduki.