Kuweka picha kwa HTML bila kumaliza bando la msomaji

Tuseme uko Kibimba, Ngara. Bando limebaki MB 100, unafungua ukurasa kuhusu Maporomoko ya Rusumo. Una picha kumi, zote zimetoka kwenye simu moja kwa moja, kila moja MB 4. Piga hesabu: MB 40 zimekwenda na hujamaliza hata aya ya kwanza. Hapo usilaumu mtandao tu. Mwenye ukurasa naye ana lake.

Wengi hawajui kwamba picha haimo ndani ya HTML. HTML ni maandishi matupu. Tunachoweka ni maelekezo:

<img src="rusumo.jpg" alt="Maji ya Mto Kagera yakianguka Rusumo" width="800" height="600">

Kivinjari kikifika hapo, kinaiomba seva faili hilo peke yake. Ndiyo maana maneno hutangulia, picha ikafuata. Tagi hii ilipendekezwa na Marc Andreessen mwaka 1993, wakati wa kutengeneza kivinjari cha Mosaic.

src inaonyesha faili lilipo. Andika jina kama lilivyo. Kwenye seva nyingi, Rusumo.JPG na rusumo.jpg ni mafaili mawili tofauti. Kwenye kompyuta yako ya Windows picha itaonekana. Ukipandisha mtandaoni, hola.

alt ni maelezo ya picha. Asiyeona husomewa na simu yake, na picha ikigoma kufunguka, kila mtu huyasoma. Ukiandika "picha1" hujamsaidia yeyote.

width na height hutenga nafasi mapema, ili maandishi yasirukeruke picha inapoingia.

Sasa hapa ndipo watu hujikwaa: width="800" haipunguzi uzito wa faili. Ni kama kukunja blanketi. Linaonekana dogo, kilo ni zilezile. Picha ya pikseli 4000 kwa 3000 itapakuliwa yote. Ipunguze kwanza kwa programu ya picha iwe 800 kwa 600: pikseli zinashuka kutoka milioni 12 hadi 480,000. Kwa kasi ya megabiti 1 kwa sekunde, MB 4 huchukua sekunde 32. Picha ya KB 200 haifikishi hata sekunde 2.

Ukiongeza loading="lazy", picha za chini zinasubiri mpaka msomaji azikaribie.

Kabla hujautangaza ukurasa wako, zima Wi-Fi ya chuo, ufungue kwa bando ulilonunua mwenyewe. Ukisikia uchungu, rudi ukapunguze picha.