Fundi yuko Dar, kompyuta iko Njombe

KWA mwenye duka la pembejeo mjini Njombe, Novemba si mwezi wa kompyuta kugoma. Mvua zinakaribia, wakulima wanataka mbegu za mahindi na mbolea, na hesabu zote za mali na madeni zimo ndani ya mashine. Fundi aliyeweka programu ya mauzo yuko Dar es Salaam, karibu kilomita 700. Nauli, malazi na siku za kusubiri ni mzigo wa mwenye duka.

Hata hivyo, hitilafu nyingi za programu hazihitaji fundi apande basi. Kompyuta ikiwa inawaka na ina intaneti, anaweza kuitengeneza akiwa hukohuko aliko.

Njia hii si ngeni. Microsoft iliiweka ndani ya Windows XP mwaka 2001. TeamViewer ya Ujerumani ilianza mwaka 2005, na AnyDesk, ya Ujerumani pia, mwaka 2014. Mwaka 2016 Windows 10 iliongezewa Quick Assist, ambayo ipo pia katika Windows 11.

Inavyofanya kazi ni hivi: picha ya kioo cha kompyuta ya dukani husafiri kwa intaneti hadi kwa fundi. Naye akibonyeza kibodi au kusogeza mausi yake, amri hurudi dukani, na mwenye duka huona mshale ukitembea wenyewe. Katika TeamViewer na AnyDesk, mwenye tatizo humsomea fundi kwa simu namba inayoonekana kwenye kioo, kisha humruhusu aingie. Katika Quick Assist, fundi ndiye hutoa msimbo na mwenye duka huuandika.

Kompyuta isiyowaka au karatasi iliyokwama kwenye printa bado ni kazi ya fundi wa karibu.

Lakini kumruhusu mtu kuingia ni sawa na kumpa ufunguo wa duka. Anaweza kufungua mafaili, na akaunti ya benki ikiwa wazi, kuhamisha fedha. Matapeli wanalijua hilo. Hupiga simu wakijifanya watu wa benki au wa kampuni ya kompyuta, hudai mashine ina virusi, kisha huomba namba. Februari 2019 Benki Kuu ya India ilizitahadharisha benki za huko kuhusu wizi wa aina hii kupitia AnyDesk. Microsoft nayo husema haimpigii simu mtu ambaye hakuomba msaada.

Kwa hiyo, anayepaswa kupiga simu kwanza ni mwenye duka, kwa fundi anayemfahamu. Elewaneni bei mapema. Pakua programu kutoka tovuti ya kampuni yenyewe. TeamViewer na AnyDesk ni bure kwa matumizi binafsi tu, hivyo muulize fundi kama ana leseni ya biashara.

Kabla hajaingia, nakili mafaili ya mauzo kwenye flashi na ufunge kurasa za benki. Usitaje namba ya siri ya benki wala ya simu. Kaa mbele ya kioo mpaka kazi iishe. Ukiona jambo usilolielewa, zima intaneti mara moja, mawasiliano yatakatika.

Kazi ikiisha, funga programu hiyo na uhakikishe fundi hakubakiza njia ya kuingia bila ruhusa yako. Fundi mwaminifu hatachukizwa na hilo.