Uzamili wa Sayansi Jinai: Sampuli Hutangulia Maabara

Mwaka 1994, zaidi ya watu 200,000 walivuka daraja la Rusumo katika muda wa takribani saa 24 na kupiga kambi Benaco, wilayani Ngara. Wakati huo Mto Kagera ulibeba hadi Ziwa Victoria miili ya waliouawa nchini Rwanda. Wengi walizikwa bila kutambuliwa.

Kumrudishia marehemu jina lake ni kazi ya sayansi jinai: vinasaba vya jino au mfupa hulinganishwa na vya ndugu. Nchini, uchunguzi huo hufanywa na Mamlaka ya Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali.

Wanaoomba uzamili au uzamivu katika fani hiyo hutokea zaidi kwenye kemia, baiolojia au udaktari. Linalosahaulika ni sampuli. Sheria ya Usimamizi wa Vinasaba vya Binadamu ya mwaka 2009 inahusu ukusanyaji, usafirishaji, uhifadhi na hata utafiti. Na ndivyo ipasavyo, kwani mate ya mtu mmoja hufichua habari za ukoo ambao haukutia saini ridhaa. Hivyo andiko la utafiti lieleze mapema sampuli zitahifadhiwa wapi, nani atazifikia na zitateketezwa lini.