KUPIGA FOTO ZA MWEZI KWA DARUBINI: namna ya kupanga mashini



Siku ya 7 Septemba 2025 mwezi ulipatwa wote, nasi katika Katanga tuliuona vizuri sana kwa macho. Kivuli cha dunia kilianza kuushika saa 18.27, ulipokuwa umechomoza tu. Toka saa 19.30 hata saa 20.52 ulikuwa mwekundu kama udongo wa kichuguu. Mafratri walikuwa wamesimamisha darubini uwanjani. Katekista mmoja wa kijiji cha jirani alifika kwa baiskeli, akatuomba jambo moja: tumpe foto sita au saba zinazofuatana, apate kuwaonyesha watu wake namna kivuli kinavyoingia upande mmoja na kutoka upande mwingine. Maana kule kwake wengine walikuwa wakisema bado kwamba mwezi unakufa, na kwamba kufa kwake kunatangaza kifo cha mkubwa fulani.

Tukamwahidi. Usiku ule tulipiga foto zaidi ya mia mbili. Kesho yake tulipozitazama, zile za kwanza zilikuwa duara jeupe tupu, sawa na sahani; zile za katikati zilikuwa nyeusi kabisa. Mbili tu zilifaa. Katekista alirudi kwake mikono mitupu.

Kosa halikuwa la darubini, wala la mashini. Kosa lilikuwa letu: tuliiachia mashini iamue yenyewe mambo ambayo haiwezi kuyaamua. Tangu siku ile tumejifunza kidogo, na tunataka kuwaeleza wenzetu tuliyojifunza, ili wasipoteze usiku wao kama sisi.

1. Darubini inakuwa jicho la mashini

Tunasema hapa juu ya mashini ya foto ambayo kioo chake cha mbele chaweza kuondolewa. Tunakiondoa, na kwa pete ya chuma tunaifunga mashini nyuma ya darubini, pahali pa kuweka jicho. Basi darubini yenyewe inashika kazi ya kile kioo.

Yapasa kwanza kujua namba mbili za darubini, ambazo kwa kawaida zimeandikwa juu yake: upana wa kioo kikubwa, na urefu wa njia ya nuru toka kioo hicho mpaka picha inapotokea. Darubini yetu ina upana wa milimetri 90 na urefu wa milimetri 900. Ukigawanya 900 kwa 90 unapata 10. Wapiga foto huandika hivi: f/10. Namba hii haibadiliki.

Urefu huo waonyesha pia ukubwa wa picha. Ukigawanya urefu kwa 110, unapata upana wa picha ya mwezi ndani ya mashini. Kwetu ni kama milimetri 8. Kibao kinachopokea nuru katika mashini nyingi kina milimetri 15 kwa 22. Basi mwezi mzima unaingia bila shida.

2. Vipimo vitatu

Nuru ya foto inaongozwa na vipimo vitatu: upana wa njia, muda ambao mlango wa mashini unakaa wazi, na namba inayoitwa ISO. Tufikiri juu ya mtu anayejaza ndoo kwenye bomba. Bomba likiwa pana, ndoo inajaa upesi. Likiwa jembamba, yapasa kungoja. Upana na muda vinafanya kazi hivyo. Kwa darubini upana umekwisha wekwa. Basi tunabaki na muda na ISO.

Wengi wanadhani kwamba kupandisha ISO ni kuongeza nuru. Sivyo. ISO ni kama sauti ya redio. Kituo kikiwa mbali, ukipandisha sauti unasikia maneno, lakini unasikia mikwaruzo vilevile. Hivyo, ukipandisha ISO foto inang'aa, lakini inajaa vitone vitone. Kanuni yetu ni hii: nuru ikiwa nyingi, tunaweka ISO 100; ikiwa haba, tunapandisha mpaka 800 au 1600, na kuzidi hapo kwa lazima tu.

Kwa nini mashini haiwezi kuamua yenyewe? Kwa sababu inapima nuru ya picha nzima. Sehemu kubwa ya picha ni mbingu nyeusi. Basi mashini inadhani kuna giza, inaacha mlango wazi muda mrefu, na mwezi unaungua, unakuwa mweupe tupu. Hilo ndilo lililoharibu foto zetu za kwanza. Dawa yake ni kuweka mashini katika alama ya M, ni kusema kila kipimo kinapangwa kwa mkono. Tena tunazima ile taa ya kumulika. Haifiki mwezini hata kidogo; inapofusha tu macho ya walio karibu.

3. Mwezi mpevu na mwezi mchanga

Usiku ni giza, lakini mwezi hauko gizani. Ni mawe yanayopigwa na jua lile lile linalopiga mawe yetu saa sita ya mchana. Mawe hayo ni meusi-meusi. Yanarudisha karibu sehemu 12 tu kwa 100 za nuru. Hata hivyo ni kitu cha mchana, na muda wake ni muda wa mchana. Wapiga foto wana kanuni rahisi: kwa f/11, mwezi mpevu unataka muda uliogawanywa kwa namba ya ISO. Kwa ISO 100, ni sehemu moja ya mia ya sekonde. Kwa darubini yetu ya f/10 tunaanza hivi:

Mwezi mpevu: ISO 100, sekonde 1/125.
Nusu ya mwezi: ISO 100, sekonde 1/30.
Mwezi mchanga wa siku chache: ISO 100, sekonde 1/15.

Mtu atauliza: nusu ya mwezi si nusu ya nuru? Hapana, ni chini ya nusu sana. Wakati ule jua linauangukia mwezi kwa upande, na kila mlima na kila shimo vinatupa kivuli kirefu. Lakini kwa sababu hiyo hiyo nusu ya mwezi yafaa kwa foto kuliko mwezi mpevu: vivuli vinaonyesha milima.

Vipimo hivi ni mwanzo tu. Baada ya foto ya kwanza, tazama ule mchoro wa nuru ambao mashini inaonyesha kwenye kioo chake. Kilima cha mchoro kikigonga ukuta wa kuume, nuru imezidi: punguza muda. Sehemu iliyoungua haiponi tena. Iliyo na giza kidogo yaweza kuinuliwa baadaye, hasa ukiiambia mashini itunze faili ghafi, bila kuikamua.

4. Mwezi unapopatwa

Hapa ndipo penye kazi. Kivuli kinapoanza kuuma ukingo wa mwezi, sehemu iliyobaki ina nuru ya mwezi mpevu; anza na 1/125. Kivuli kikisonga mbele, ongeza muda polepole: 1/60, kisha 1/30. Lakini mwezi ukiisha kuingia wote ndani ya kivuli, nuru yake inapungua zaidi ya mara elfu kumi. Hakuna foto moja inayoweza kubeba vyote viwili. Kwa ISO 1600, sasa yahitaji sekonde 1 mpaka 5. Sisi usiku ule, baada ya kuona foto zimeungua, tulijidai wenye akili: tukaweka 1/125 na kuiacha hivyo mpaka mwisho. Ndiyo maana zile za katikati zilitoka nyeusi.

Mwezi uliopatwa hauzimiki kabisa, kwa sababu nuru ya jua inapinda ikipita katika hewa inayozunguka dunia, nayo inafika huko ikiwa nyekundu, kama nuru ya machweo. Hewa ikiwa chafu, mwezi unakuwa mweusi zaidi. Mlima Pinatubo wa Ufilipino ulitapika moto mwaka 1991. Mwezi ulipopatwa Desemba 1992 ulikuwa na giza sana. Basi hakuna awezaye kutoa kipimo kamili mbele ya wakati. Piga ngazi: sekonde 1, kisha 2, kisha 4, baadaye chagua.

5. Dunia haingoji

Sekonde 4 ni muda mrefu, kwa sababu dunia inazunguka. Kwa darubini kama yetu, picha inasogea karibu nukta 15 za kibao kwa sekonde moja. Bila mota, kila muda unaozidi sekonde 1/15 unaanza kufanya ukungu. Kwa mwezi mpevu si neno. Kwa mwezi uliopatwa ni hasara.

Wenye mguu wenye mota wanaweza kufuata mbingu, lakini hapa kwetu kuna shida ambayo vitabu vya Ulaya havisemi. Mhimili wa mguu huo yapasa uelekee ncha ya mbingu, na ncha hiyo inapanda juu ya upeo kwa kadiri ya umbali wa pahali toka ikweta. Katika Ulaya iko juu sana. Lubumbashi, ncha ya kusini iko digrii 11 na nusu hivi tu. Bukavu, digrii 2 na nusu. Kisangani inalala karibu juu ya upeo wenyewe. Miguu mingi haiwezi kuinama hivyo. Tunaweka kipande cha mti chini ya mguu mmoja ili wote uiname, na tunaangalia usianguke. Tena, upande wa kusini hakuna nyota kubwa ya kutuonyesha ncha; tunatumia dira, tukikumbuka kwamba sindano yake haielekei kusini halisi.

Na asiye na mota? Aondoe darubini, arudishe kwenye mashini kioo cha milimetri 200. Kwa f/4 na ISO 1600, nusu ya sekonde yaweza kutosha, na kusogea hakuonekani sana. Mwezi utakuwa mdogo, lakini utakuwa mwekundu na wazi. Lau tungalijua hayo usiku ule, katekista wetu angalipata foto zake.

6. Foto kali

Vipimo vyema havisaidii kitu ikiwa picha si kali. Tazama kwenye kioo cha mashini, ukiikuza picha mara 10, na uzungushe kifungo cha darubini polepole mpaka ukingo wa mashimo ya mwezi ukate kama kisu. Itoe darubini nje nusu saa mbele ya kazi ili ipoe, kisha angalia ukali tena. Usibonyeze mashini kwa kidole wakati wa kupiga: weka saa yake ya sekonde 2, mtikisiko uishe kwanza. Katika Septemba moshi wa kuchoma nyika unatanda chini ya mbingu. Ngoja mwezi upande juu.

Jua ni jambo lingine. Usilielekezee darubini kamwe bila kichujio halali kilichofungwa imara mbele ya kioo kikubwa. Mtu anapofuka mara moja, na mashini inaungua.

Juu ya nyota tunasema machache. Lile wingu la nuru katika Orioni lahitaji mota, ISO 800 au 1600, na foto nyingi za sekonde 30. Programu ya ordinatere inazipanga moja juu ya nyingine: kwa foto 16, vitone vinapungua mara 4. Henry Draper, Mwamerika, aliyepiga foto ya kwanza ya wingu hilo mwaka 1880, alingoja dakika 51. Tusilalamike.

7. Foto iliyo kweli

Telefone nyingine za siku hizi zina programu inayoutambua mwezi na kuongeza mashimo ambayo nuru haikuyaleta. Foto inapendeza, lakini si ushuhuda. Tarehe 18 Julai 1860 Padri Angelo Secchi alipiga foto za jua lililopatwa kule Hispania; Warren de la Rue alipiga zake pahali pengine pa nchi ile ile. Walipozilinganisha, ilionekana kwamba ile miali myekundu ukingoni ni ya jua lenyewe, si ya mwezi, wala si udanganyifu wa macho. Ingewezekanaje, kama kila mashini ingaliongeza mambo yake?

Mwanakijiji anayeogopa mwezi mwekundu anastahili kuonyeshwa kitu cha kweli, hata kama ni kidogo na hafifu. Tarehe 31 Desemba 2028, jioni, mwezi utachomoza kwetu ukiwa umekwisha kupatwa wote. Na usiku wa 20 kuamkia 21 Desemba 2029 utapatwa wote tena, ukiwa juu kabisa. Ni siku za mvua, mawingu yaweza kutuzuia. Lakini mazoezi hayangoji mwaka 2028: mwezi mpevu unarudi kila mwezi. Sisi tumeyaandika yale majedwali kwenye karatasi, tumeibandika ndani ya sanduku la darubini. Na katekista yule tumemwambia arudi na baiskeli yake.