Utitiri na Wanaomla: Utangulizi

Mkulima wa nyanya anaona majani yamejaa vitone vyeupe katikati ya kiangazi, kisha yanageuka rangi ya shaba na kufungwa na nyuzi nyembamba. Anakwenda duka la pembejeo, anauziwa dawa ya wadudu, anapiga. Baada ya wiki mbili hali imekuwa mbaya kuliko mwanzo, anarudi dukani na anapewa dawa kali zaidi. Kitabu hiki kinahusu kilichotokea shambani kati ya safari hizo mbili. Msomaji mgeni katika fani hii ajiulize tangu sasa: kabla ya dawa ya kwanza, nani alikuwa akimla utitiri huyu?

Tuanze na utitiri mwenyewe. Kwa wataalamu yeye si mdudu. Ana miguu minane, hana mbawa wala papasi, na nasaba yake ni ya buibui na kupe. Ndiyo maana dawa nyingi za kuua wadudu hazimgusi. Familia yake, Tetranychidae, ina spishi zaidi ya 1,200, na anayefahamika kuliko wote ni Tetranychus urticae, aliyepewa jina hilo mwaka 1836. Huyu hushambulia zaidi ya aina 1,000 za mimea: maharage, matango, waridi, stroberi, blakiberi. Jike hufikia nusu milimita tu. Hukaa upande wa chini wa jani, hutoboa seli kwa sindano za mdomoni na kufyonza kilichomo, ukijani ukiwemo. Kila kitone cheupe unachokiona juu ya jani ni seli zilizobaki tupu.

Nguvu yake ni kasi. Kwenye joto la nyuzi 30, yai huwa utitiri mzima kwa muda wa wiki moja hivi. Tena jike asiyepandwa hutaga, na mayai hayo hutoa madume, ambao wakikomaa wanaweza kumpanda. Kwa hiyo jike mmoja aliyepeperushwa na upepo anatosha kuanzisha ukoo mzima. Madume hao wana nakala moja tu ya kila jeni. Jeni ya kuhimili sumu ikitokea kwa dume haina mwenzake wa kuifunika: dume huyo anaishi, wenzake wanakufa, na msimu unaofuata shamba ni la watoto wake. Jenomu yake iliyosomwa na kuchapishwa mwaka 2011 ilikutwa na jeni nyingi za kuvunja sumu. Sioni ajabu kwamba anatajwa miongoni mwa viumbe sugu kabisa katika kilimo.

Lakini kasi hiyo haielezi kila kitu, kwa sababu porini utitiri ni wachache. Kinachowazuia ni walaji wao, hasa utitiri wawindaji wa familia ya Phytoseiidae. Mwindaji maarufu, Phytoseiulus persimilis, alifika Ujerumani mwishoni mwa miaka ya 1950 bila kukusudiwa, akiwa juu ya okidi zilizotoka Chile. Mwaka 1967 Jan Koppert, mkulima wa matango wa Uholanzi ambaye dawa zilikuwa zikimdhuru, alianza kumfuga na kumwachia ndani ya vitalu nyumba vyake. Leo mashamba ya waridi ya Naivasha nayo yanamwachia huyo huyo. Dawa ya wadudu inayopigwa ovyo humwua mwindaji na kumwacha mwindwa. Mkulima wetu wa nyanya, kwa maoni yangu, alinunua mlipuko wake kwa fedha taslimu.

Kwa Afrika, kisa kinachofaa kusomwa kwa makini ni cha muhogo. Mwaka 1971 utitiri wa kijani, Mononychellus tanajoa, mwenyeji wa Amerika ya Kusini, aligunduliwa Uganda, na baadaye akaenea karibu kote linakolimwa zao hilo barani. Hupenda majani machanga ya kileleni, yale yale tunayochuma kwa kisamvu. Mmea ukizidiwa hupukutisha majani ya juu na kubaki na kijiti kilichosimama kama mshumaa. Kupiga dawa kwenye robo eka ya muhogo ni hasara tupu, kwa hiyo watafiti walikwenda kuwatafuta wawindaji kule alikotoka mharibifu.

Hapo mwanzo walikosea mahali pa kutafuta. Katika miaka ya 1980 wawindaji wa Colombia waliletwa na kuachiwa kwa mamilioni, na hakuna hata spishi moja iliyoota mizizi. Utitiri wa muhogo walipopungua msimu wa mvua, wageni hao hawakuwa na cha kula, na ukame wa maeneo mengi nao uliwashinda. Msako ukahamia kaskazini mashariki mwa Brazil, kwenye tabianchi inayokaribiana na ya kwetu. Huko akapatikana Typhlodromalus aripo, ambaye IITA, taasisi ya kimataifa ya utafiti wa kilimo cha kitropiki, ilimwachia Benin mwaka 1993. Mchana hujificha ndani ya ncha ya chipukizi, na usiku hushuka kuwinda kwenye majani ya jirani. Windo likiadimika hujikimu kwa chavua na vyakula vingine hadi windo lirudi. Amefika nchi nyingi, za Afrika Mashariki zikiwemo, na katika majaribio ya Afrika Magharibi mavuno yalipanda kwa karibu theluthi. Hupendelea aina za muhogo zenye vinyweleo kwenye ncha; mchagua mbegu naye, bila kujua, huwa anamchagulia mwindaji makazi.

Mmea pia una sauti yake katika ugomvi huu. Katika miaka ya 1980 Maurice Sabelis na Marcel Dicke, Waholanzi, walionyesha kwamba jani la haragwe lililoshambuliwa hutoa harufu inayowavuta wawindaji. Sura nzima humu inahusu harufu hiyo.

Kwa kazi ya mikono utahitaji lenzi ya kukuza mara kumi na karatasi nyeupe. Gonga jani juu ya karatasi. Vidoa vinavyojikokota ni walaji wa jani. Anayekimbia kama aliyechelewa basi huenda ni mwindaji. Chini ya lenzi, yai la utitiri mharibifu ni la mviringo, la P. persimilis ni la umbo la yai la kuku na ukubwa wake ni kama mara mbili. Usidhani kila utitiri ni yule yule: kwenye blakiberi yumo pia Acalitus essigi, wa familia nyingine, mwenye miguu minne tu, anayefanya sehemu ya tunda ibaki nyekundu na ngumu wakati nyingine imeiva.

Nyanya bado ni mtihani. Utitiri mwekundu Tetranychus evansi, mwenyeji wa Amerika ya Kusini pia, huzima kinga ya mmea, na P. persimilis hamtaki. Zaidi ya hapo, vinyweleo vya nyanya vinanata na kuwanasa wawindaji. Phytoseiulus longipes, aliyekutwa Brazil akimla evansi, anaonekana kuyamudu yote mawili, lakini kumfanya adumu katika shamba la wazi la mkulima mdogo ni kazi ambayo haijamalizika. Anayetafuta mada ya shahada ya uzamili aanzie hapo.